Kutundika michoro ya watoto nyumbani bila kuiharibu

Mchoro wa mtoto huharibiwa na selotepu, jua, unyevu, wadudu, au mkono wa mdogo wake aliyejifunza kusimama juzi. Nje ya hayo, karatasi ya kawaida hukaa miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitu kitapendeza wapi, uliza utakitoaje. Mpangilio unaokuwezesha kushusha karatasi kwa sekunde kumi ikiwa nzima ni mpangilio mzuri. Unaoigandisha ukutani moja kwa moja umeshaiharibu, hata kama leo inapendeza.

Kuna sababu ya pili ya kutaka karatasi zishuke kwa urahisi. Mtoto wa chekechea anaweza kurudi na kazi mpya kila wiki, na mchoro aliokuwa akijivunia mwezi uliopita sasa anauona wa kitoto. Ukuta usiobadilika haumfai. Unachojenga hapa ni mahali pa kupokea na kuachia.

Kuchagua ukuta

Simama sebuleni au kwenye korido saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, uone jua linaingia wapi. Ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja, hata kwa saa moja tu kwa siku, uache. Kalamu za wino wa rangi, zile za kuchovya na karatasi za manila za rangi ndizo hufifia haraka zaidi; wino wa waridi na wa zambarau unaweza kupotea ndani ya miezi michache. Penseli ya risasi na krayoni za nta huvumilia zaidi.

Kwetu huku karibu na ikweta kuna jambo linalowaponyoka wengi: jua huhama. Kwa nyumba ya Dar es Salaam au Nairobi, dirisha la kaskazini hupata jua karibu na mwezi wa Juni, na la kusini hupata Desemba. Ukuta uliokuwa na kivuli ulipopigilia msumari unaweza kuwaka jua nusu mwaka baadaye. Kagua tena ukifika wakati huo.

Kisha gusa ukuta kwa kiganja. Ukihisi ubaridi wa maji, ukiona chumvi nyeupe ikichomoza kwenye plasta, au rangi ikivimba malengelenge, hapo pana unyevu unaopanda kutoka msingini au unaoingia kutoka nje. Ukuta wa bafuni upande wa pili nao ni hivyo hivyo. Karatasi itapinda ndani ya wiki, na baada ya mvua za masika utakuta madoa ya kijivu ya ukungu nyuma yake. Ukuta wa ndani, unaotenganisha chumba na chumba, karibu kila mara ni mkavu kuliko ule wa nje.

Maeneo ya kuepuka bila mjadala: juu ya jiko, kwa sababu ya moto, mvuke na mafuta yanayoruka, karibu na soketi na swichi, na juu ya kitanda cha mtoto mchanga.

Urefu kutoka sakafuni ni suala la nani anatazama. Mtoto wa miaka 5 huwa na urefu wa sentimita 110 hivi, macho yake yakiwa karibu sentimita 100. Ukitundika kwa kipimo cha mtu mzima, yeye ataona pindo la chini la kazi yake mwenyewe. Katikati ya mchoro pawe kati ya sentimita 95 na 115. Lakini kama nyumbani yuko mtoto wa chini ya miaka 3, panda hadi sentimita 145 au zaidi, uushushe mchoro tena akikua. Atakachokifikia atakivuta.

Kuandaa karatasi

Hatua ya kwanza haihusu ukuta. Geuza karatasi, na kwa penseli andika pembeni: jina la mtoto, umri kwa miaka na miezi, tarehe, na maneno yake mwenyewe kuhusu alichochora. Penseli, si kalamu ya wino. Kalamu ya wino huchimba na kuacha mstari upande wa mbele, na maka hupenya kabisa. Maneno ya mtoto yaandike kama alivyoyasema. "Hii ni mamba anaenda sokoni" baada ya miaka kumi itakuwa na thamani kuliko mchoro wenyewe, na usipoiandika siku hiyo hutaikumbuka.

Muulize pia mwenye kazi ipi itundikwe. Wazazi huchagua kinachofanana na kitu wanachokitambua, kama nyumba, jua au maua. Mtoto mara nyingi anajivunia kile kilichomchosha, ambacho kwa jicho la mkubwa ni mikwaruzo tu.

Rangi za maji na za bango ziache zikauke saa 24 zikiwa zimelala, si kwa kusimamishwa. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5 tu. Ikibeba rangi nyingi ya maji hujikunja kama jani la mgomba lililokauka. Kuinyoosha:

1. Hakikisha rangi imekauka kabisa. Gusa sehemu nene. Ikiwa baridi kwenye kidole, bado.
2. Tandaza karatasi safi mezani, weka mchoro ukitazama chini, funika kwa karatasi nyingine safi.
3. Weka ubao au trei bapa juu yake, kisha mfuko wa unga wa kilo 5.
4. Acha siku mbili. Usipige pasi. Joto huyeyusha krayoni na kugandisha rangi kwenye karatasi ya chini.

Michoro ya chaki ikung'ute taratibu nje, mgongo wa karatasi ukiwa juu, vumbi la ziada lidondoke. Kazi za kubandika mbegu, zile za maharage, mchele na mahindi ambazo shule za awali huzipenda sana, zina tatizo lao. Fukusi wakishakuwemo ndani ya punje wataendelea kula huku zikiwa ukutani, na siku moja utakuta unga umemwagika sakafuni. Kama mbegu bado hazijabandikwa, zikae kwenye friza siku 4. Kama zimeshabandikwa, funga kazi nzima ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, iweke kwenye friza wiki moja, kisha itoe na usiufungue mfuko mpaka upate joto la chumba. Ukifungua mapema, umande utatua juu ya karatasi badala ya kutua juu ya nailoni.

Kamba na vibanio

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Inahitaji matundu mawili tu, inabeba karatasi za ukubwa wowote, na mtoto mwenyewe anaweza kubadilisha kazi zake.

Hesabu kwanza. A4 iliyosimama ina upana wa sentimita 21. Ukiacha sentimita 5 kati ya moja na nyingine, kila mchoro unachukua 26. Kwa kamba ya mita 2.4, ukiacha sentimita 15 kila mwisho, zinaingia karatasi 8 zilizosimama, au 6 zilizolazwa. Zaidi ya hapo zinapandana, na mtazamaji haoni yoyote.

Vifaa:

- Kamba, mita 3 kwa urefu wa mita 2.4
- Vibanio vya nguo 16, yaani viwili kwa kila karatasi. Vidogo vya mbao vinatosha
- Misumari miwili ya zege ya inchi 2, au skrubu mbili za ndoano na plagi zake za plastiki
- Nyundo, koleo, penseli, futi ya kupimia, selotepu ya karatasi

Kuhusu kamba, chaguo la kwanza la watu ni katani kwa sababu inapendeza. Inapendeza kweli, lakini katani hunywa unyevu wa hewa na urefu wake hubadilika, kwa hiyo kamba uliyoikaza msimu mmoja haitabaki hivyo majira yakibadilika, nayo humwaga nyuzi. Kamba nyembamba ya nailoni iliyosukwa, milimita 2 hadi 3, hutulia zaidi. Waya mtupu wa kufungia nondo usiutumie, hasa Pwani. Utashika kutu na kila kibanio kitaacha alama ya kahawia. Kwa kuta ndefu kuliko mita 2.5 tumia waya wa kuanikia nguo uliovikwa plastiki, au ongeza msumari wa tatu katikati.

Hatua:

1. Pima kutoka sakafuni pande zote mbili, uweke alama. Kamba ikiwa sentimita 125 kutoka sakafuni, katikati ya A4 iliyosimama itaangukia karibu sentimita 108. Usipime kutoka dari. Dari nyingi haziko sawa.
2. Hakikisha alama haiko wima juu au chini ya swichi au soketi. Mabomba ya nyaya za umeme ndani ya ukuta kwa kawaida hupita hapo. Sogea sentimita 30 pembeni.
3. Bandika vipande viwili vya selotepu ya karatasi kwa umbo la msalaba juu ya alama. Vinasaidia kuzuia rangi na plasta isichanike msumari unapoingia.
4. Shika msumari kwa koleo, si kwa vidole, na vaa miwani ya aina yoyote. Msumari wa zege ni mgumu lakini hauna mnyumbuko. Ukipigwa vibaya hukatika na kipande chake huruka.
5. Upigilie ukiinamia upande wa nje, mbali na mvuto wa kamba. Mapigo madogo mengi, siyo makubwa machache.
6. Funga mwisho mmoja kwa fundo la kudumu. Mwisho wa pili funga fundo la kuteleza, uweze kukaza tena bila kufungua kila kitu.
7. Kaza mpaka ukiivuta katikati kwa kidole ishuke sentimita 2 tu. Kata mikia ya kamba ibaki sentimita 2. Mkia mrefu unaoning'inia ni hatari shingoni kwa mtoto mdogo, na kwa sababu hiyo hiyo kamba iliyolegea isikae chini ya kimo cha anayetambaa.
8. Bana kila karatasi kwa vibanio viwili, sentimita 2 kutoka kila pembe. Kibanio kimoja katikati kinafanya pembe zijikunje mbele baada ya siku chache.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni msumari. Plasta ya nyumba zetu ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na msumari wa inchi moja unaishia humo humo. Unashika siku ya kwanza, kisha unang'oka na bonge la plasta. Ndiyo maana tunasema inchi 2. Kama ukuta unamwaga mchanga ukigongwa, plasta ina saruji chache na hakuna msumari utakaoshika: toboa kwa drili na biti ya zege ya milimita 6, ingiza plagi ya plastiki, kisha zungusha skrubu ya ndoano kwa mkono.

La pili ni springi ya kibanio. Hewa ya Pwani huitia kutu, na kutu hudondokea karatasi. Kunja kipande cha karatasi cha sentimita 3 kwa 3 ukikalie ukingo wa mchoro, kibanio kibane hicho. Kinazuia pia alama ya meno ya kibanio kubaki kwenye mchoro.

La tatu ni pangaboi. Michoro inapeperuka usiku kucha na kuchanika penye vibanio. Kama huwezi kuhamisha kamba, bana kibanio kimoja katikati ya ukingo wa chini wa kila karatasi kiwe uzito.

Ubao wa maboksi, kwa nyumba ya kupanga

Mwenye nyumba akikataza misumari, tengeneza ubao unaoegemezwa juu ya kabati au kuning'inizwa kwenye bomba la pazia. Softibodi ya dukani ni nzuri, ila boksi la friji au televisheni linafanya kazi ile ile, ilimradi lisiwe limewahi kulowa.

Kata vipande viwili vya sentimita 60 kwa 90. Tazama ukingo wa boksi: kuna mifereji midogo inayokwenda upande mmoja. Kipande cha kwanza mifereji yake iende kwa urefu, cha pili iende kwa upana. Hili ndilo jambo lote la ubao huu. Mifereji ikielekea upande mmoja, ubao utapinda kama ngozi iliyoanikwa. Ikipishana, kila kipande kinamzuia mwenzake. Paka gundi nyeupe ya maji upande mmoja, isambaze kwa kipande cha kadi iwe nyembamba, gandisha, laza chini na uweke uzito usiku mzima: godoro, madebe ya maji, chochote bapa.

Kisha kivike kitambaa cha sentimita 70 kwa 100, ziada ya sentimita 5 kila upande ikikunjwa nyuma na kushikwa kwa gundi au stepla. Hapa wengi huchukua kitenge au kanga. Ni kosa la macho. Maua na nukta za kitenge humeza mchoro wa mtoto, hasa wa penseli. Kitambaa cha rangi moja ndicho kinachofaa, na marekani ile ya kawaida isiyotiwa rangi ni bora kuliko vyote. Kitenge kitumie kama utepe wa sentimita 4 kuzunguka ukingo ukitaka rangi.

Gandisha vizibo vinne vya soda nyuma, kimoja kila pembe. Vinaacha nafasi ndogo hewa ipite kati ya ubao na ukuta, na mchwa akianza kujenga njia yake utaiona kabla hajaingia. Ubao wa maboksi usiuegemeze sakafuni kamwe. Kwa mchwa hicho ni chakula kilichoandaliwa mezani.

Michoro kwenye ubao ishikwe kwa pini za kichwa kikubwa, zikipita pembeni mwa karatasi na kuibana kwa kichwa, bila kuitoboa. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3, pini zisiwepo kabisa. Shona mistari miwili ya lastiki kwa upana wa ubao, mmoja sentimita 18 juu ya mwingine, na A4 iliyolazwa itachomekwa humo.

Jokofu nalo ni ubao mzuri ambao tayari unao. Tahadhari moja: sumaku ndogo zenye nguvu, zile za kung'aa zenye ukubwa wa tembe, zisiingie nyumba yenye watoto. Mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Tumia sumaku bapa pana ambazo haziwezi kuingia mdomoni.

Gundi na selotepu

Selotepu ya plastiki iliyobandikwa juu ya karatasi huwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha plastiki inadondoka yenyewe huku gundi yake imeshazama ndani ya nyuzi za karatasi. Doa hilo halitoki. Selotepu ya karatasi ni afadhali, ila isikae ukutani zaidi ya wiki mbili. Kadiri inavyokaa, na hasa ikipata joto, ndivyo inavyozidi kushika. Kwenye rangi ya maji ya ukutani itaondoka na rangi. Kwenye rangi ya mafuta haidhuru.

Dawa ya meno, uji wa unga na ugali laini vimetumika kubandika makaratasi tangu zamani. Vinashika. Vinaita pia mende, panya, na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokula karatasi kwa sababu ya wanga. Kwa bango la wiki moja, sawa. Kwa kazi unayotaka kuitunza, hapana.

Ukitaka mchoro ukae juu ya manila ya rangi bila kugusa gundi, tengeneza pembe za karatasi kama zile za albamu za picha za zamani. Kata mraba wa sentimita 4, ukunje kwa mshazari mara mbili upate pembetatu ndogo. Chomeka pembe ya mchoro kupitia upande mrefu ulio wazi, chini ya ukurasa wa juu, kisha paka gundi nyuma ya pembetatu tu na uigandishe kwenye manila. Pembe nne, dakika tano, na siku ya kutoa unauchomoa tu. Manila iwe imezidi mchoro kwa sentimita 4 kila upande. Chini inaweza kuzidi kwa 5, jicho huipenda hivyo.

Nyumba za mawe, na kazi zisizo za karatasi

Katika nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Usiupigilie msumari wa zege wala usiutie selotepu. Chokaa ni laini, msumari hauna pa kushika, na selotepu huondoka na ganda zima. Tundika kamba kutoka kwenye mbao zilizopo, kama fremu ya mlango au boriti, kwa kuizungushia, bila kuitoboa. Na kama nyumba yako imebahatika kuwa na zidaka (vishubaka ndani ya ukuta), hakuna kabati la maonyesho linaloshinda. Ziliwekwa ukutani kupokea sahani za kaure na vitu vya thamani. Mnyama wa udongo aliyefinyangwa na mtoto anakaa humo kana kwamba ndipo palipotengenezwa kwa ajili yake.

Kazi ya udongo ambayo haijachomwa ikaukie kivulini wiki nzima, ikigeuzwa kila siku. Jua kali huikausha nje kabla ya ndani, ndipo inapopasuka. Ikikauka haitakiwi kuguswa na maji tena, hata kitambaa kibichi cha kufutia vumbi. Tumia brashi laini ya rangi.

Magari ya waya na ya makopo yapewe rafu yenye kina cha sentimita 20, na ukingo mdogo wa mbele wa sentimita 1 yasibingirike. Kabla ya kupandisha, pindia ndani ncha zote za waya kwa koleo na ufute chuma kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, dhidi ya kutu. Ukitaka kuyaning'iniza, tumia mshipi wa kuvulia, ufunge sehemu mbili. Ukifunga sehemu moja gari litazunguka usiku na mchana.

Mtoto mkubwa anayetaka kazi ya kudumu mpe kipande cha hadibodi badala ya karatasi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia mbao za aina hiyo na rangi za mafuta zinazong'aa. Kipande cha sentimita 30 kwa 30, kilichosuguliwa kwa msasa na kupakwa mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji, hakipindi, hakichaniki, na kinatundikwa kwa kitanzi kimoja nyuma. Rangi ya mafuta ina mvuke mkali, kwa hiyo itumike nje, na mtu mzima awepo. Kwa wadogo rangi ya maji inatosha.

Fremu na laminesheni

Fremu ni kwa kazi moja au mbili kwa mwaka. Nunua inayofunguka nyuma kwa vishikizo vya kugeuza, si iliyogongwa misumari, ili uweze kubadilisha. Karatasi isigusane na kioo: rangi nene ya bango hushikamana nacho kwenye joto, na unyevu unaotua ndani ya kioo hunyweshwa karatasi. Vipande vyembamba vya kadibodi vya milimita 3 kuzunguka ukingo, chini ya kioo, vinatatua yote mawili. Kwenye chumba cha watoto agiza plastiki ngumu badala ya kioo.

Laminesheni ya steshenari tunaikataa kwa mchoro halisi. Mashine inatumia joto linaloyeyusha krayoni, plastiki haitoki tena, na unyevu ukiwa umebaki ndani ya karatasi umefungiwa humo. Toa kopi ya rangi, laminisha kopi.

Kubadilisha na kuhifadhi

Badilisha kila wiki nne hadi sita, na mwenye kazi awepo. Usishushe mchoro akiwa shuleni na usiutupe mbele yake. Kinachoshuka kinagawanyika mara tatu: cha kuhifadhi, cha kupiga picha na kuachia, na cha kumpa bibi, babu au shangazi. Michoro 15 hadi 20 kwa mwaka kwa kila mtoto inatosha. Ukihifadhi yote, hakuna atakayeifungua.

Kupiga picha: laza karatasi sakafuni karibu na mlango ulio wazi, kivulini, saa nne asubuhi hivi. Zima taa na mweko wa simu. Simama juu yake, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ukiona pande za karatasi zinabanana kuelekea juu, umeinamisha simu. Usijikaribishe sana, songa nyuma kidogo na ukate ukingo baadaye. Kamera ya megapikseli 12 inatosha kuchapisha A4 kwa ubora kamili, maana inahitaji karibu 9 tu. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na tarehe, kisha jina la mtoto, ili zijipange zenyewe.

Zinazobaki ziende kwenye bahasha pana ya manila ya A1 iliyokunjwa mara moja. A1 ikikunjwa ni A2, kwa hiyo inapokea hata kazi za A3 bila kuzikunja. Weka karatasi nyeupe tupu kati ya mchoro na mchoro, maana krayoni na chaki za mafuta hazikauki kamwe na huhamia jirani. Gazeti lisitumike kama kitenganishi. Wino wake unahama nao, na karatasi yake hugeuka manjano na kuambukiza iliyo karibu.

Bahasha ilale juu ya kabati au chini ya kitanda kwenye chaga, sentimita 10 angalau kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Usiifunge kwenye nailoni kama unaishi Pwani. Usiweke vidonge vya naftalini. Vinafanana na pipi, na mtoto akivimeza vinaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu, hasa kwa wale waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo ya kawaida katika Afrika Mashariki. Majani makavu ya mwarobaini kwenye kitambaa, pembeni ya bahasha na si ndani yake, hayana madhara hayo, ingawa hayachukui nafasi ya kukagua.

Kagua mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na vuli likiisha. Chagua siku kavu, fungua bahasha, tandaza kila kitu juu ya meza saa mbili kwenye hewa, kivulini. Ukiona ukungu, peleka karatasi hiyo peke yake nje ikauke kabisa, kisha uufute kwa brashi laini ukielekea mbali na uso wako. Usifute ukungu ukiwa mbichi. Utausugua uingie kwenye karatasi. Na mtoto akiwa nyumbani siku hiyo, mwache azipitie. Huenda akataka mmoja urudi kwenye kamba.